URITHI UNAOGAWANYWA NA URITHI USIOGAWANYIKA: MABISHANO JUU YA NYUMBA NA VIWANJA KATIKA MJI MKONGWE WA UNGUJA

1. Utangulizi

Neno urithi, kama linavyotumiwa katika Kiswahili cha leo, lina maana mbili. Maana ya kwanza ni ya kale: mali ambayo marehemu huwaachia jamaa zake, na ambayo sheria huamuru igawanywe. Maana ya pili ni changa: jengo, mji au desturi ambayo kizazi kimoja hukikabidhi kizazi kingine ikiwa nzima, na ambayo kuigawanya huhesabiwa kuwa ni kuiharibu. Maana hiyo ya pili imeenea hasa baada ya UNESCO kupitisha Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1972. Zote mbili zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, ule uliozaa pia mirathi na mrithi.

Kwa muda mrefu maana hizo zilikaa mbalimbali. Zilikutana pale ambapo nyumba ya ukoo ilijikuta ndani ya mpaka wa eneo la hifadhi. Hapo mrithi anayedai chumba chake na ofisa anayelinda ukuta hutamka neno lile lile, lakini kila mmoja hukusudia jambo linalompinga mwenzake. Katika nchi za Waswahili, mahali ambapo mgongano huo unaonekana wazi ni Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Makala hii inakusudia kueleza historia ya mgongano huo: jinsi viwanja vya mji vilivyogawanywa katika karne ya 19, jinsi mirathi na wakfu zilivyoshindana, jinsi Mapinduzi ya 1964 yalivyogeuza hali ya nyumba, na kwa nini kanuni za hifadhi zilizowekwa tangu 1985 hazikumaliza mabishano. Suala hilo si geni kwa msomaji wa Kongo. Katika mtaa wa Shangani ingalipo nyumba ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyekuwa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, tangu 1887, na aliyefariki Unguja mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi nyumba ile ya tajiri mmoja ilikaliwa na familia kadhaa. Mali iliyochumwa Maniema na Lualaba iligeuka mawe na chokaa huko pwani, na mawe hayo yakawa makazi ya watu ambao hawakuwa warithi wa mwenyewe. Katika nyumba hiyo moja yamo karibu maswali yote yatakayojadiliwa hapa.

2. Mji uliojengwa kwa kugawanya

Rasi ya Shangani ilikuwa karibu kisiwa. Upande wa mashariki ilitengwa na hori la bahari, na jina la Darajani linakumbusha hadi leo daraja lililovusha watu kwenda ng'ambo ya pili. Ngome iliyojengwa na Waomani karibu na mwaka 1700 ilisimama pale pamoja na makazi machache. Mambo yalibadilika Seyyid Said bin Sultan alipohamishia baraza lake Unguja kutoka Maskati katika miaka ya 1830. Biashara ya pembe, karafuu na watumwa ilileta fedha, na fedha zikajenga nyumba za mawe.

Nyumba hizo hazikuwa za namna moja. Majumba ya Waarabu yalijengwa kuzunguka ua, yakiwa na kuta nene na madirisha machache upande wa nje. Nyumba za wafanyabiashara Wahindi zilikuwa nyembamba na ndefu: duka mbele, ghala na makazi nyuma na juu. Kila mmoja alitaka mlango unaotazama njia ya wateja, na kwa hiyo uso wa kiwanja ulikuwa na thamani kuliko kina chake. Viwanja vilivyokatwa hivyo ndivyo vilivyofanya mitaa ya maduka iwe na milango mingi iliyobanana.

Baina ya majumba makubwa palibaki nafasi, na nafasi hizo hazikukaa tupu. Mwenye jumba alimkatia mwanawe kipande, au alimruhusu mtumishi wake kujenga ubavuni. Mwingine aliuza pembe ya bustani yake. Vichochoro ambavyo wageni huvistaajabia havikuchorwa na mpimaji. Ni nafasi zilizoachwa na nyumba zilizokuwa zikisogeleana. Hata baraza, yaani kile kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta, inaonyesha kwamba mpaka kati ya nyumba na njia haukuwa mstari mkali: ni ya mwenye nyumba, lakini hukaliwa na mpita njia.

Jambo hili lina uzito katika mjadala wa baadaye. Mji unaolindwa leo usigawanywe zaidi ni mji uliozaliwa na kugawanywa. Anayesema kwamba kila mgawanyo ni uharibifu anasahau jinsi Shangani, Kiponda na Malindi zilivyopata sura yake. Lakini anayesema kwamba kugawanya ni desturi ya mji, na kwa hiyo kuendelee bila mpaka, naye anasahau kwamba mgawanyo wa karne ya 19 ulikuwa wa ardhi iliyokuwa bado na nafasi, na kwamba aliyepewa kipande alijenga ukuta wake mwenyewe. Mgawanyo uliofuata ulikuwa wa namna nyingine: uliingia ndani ya kuta zilizokwisha kusimama.

3. Hesabu ya mirathi na kimbilio la wakfu

Sheria ya Kiislamu ya mirathi haimwachii marehemu uhuru wa kumpa mtoto mmoja nyumba nzima na kuwanyima wengine. Mafungu yamekwisha kupangwa. Ili kuona jinsi yanavyofanya kazi juu ya jengo, yafaa kuchukua mfano wa hesabu tu. Mtu amefariki, amemwacha mke mmoja, wana wa kiume wawili na wa kike watatu. Mke anapata thumuni, yaani 1/8. Saba ya nane iliyobaki hugawanywa kwa kanuni kwamba fungu la mwanamume ni sawa na mafungu mawili ya mwanamke: kila mwana wa kiume anapata 2/8, na kila wa kike 1/8. Nyumba ina wenyewe sita na mafungu manane.

Binti mmojawapo akifariki, akimwacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, fungu lake la 1/8 linagawanywa tena: mume 1/32, mtoto wa kiume 2/32, na wa kike 1/32. Katika kizazi cha pili tu, nyumba moja imekwisha kuingia katika hesabu ya thelathini na mbili, na mmoja wa wenyewe, yule mume, ametoka katika ukoo mwingine kabisa. Katika kizazi cha tatu huenda wapo wenye haki ambao hawajawahi kuiona.

Hesabu ya karatasini haina shida. Shida huja inapotakiwa kuwa vyumba. Fungu la 1/32 haliwezi kuwa chumba. Kwa hiyo warithi wana njia tatu. Waweza kuacha nyumba bila kuigawanya na kukaa humo pamoja, au kugawana kodi yake. Waweza kuiuza na kugawana fedha. Au waweza kuikata: huyu achukue orofa ya juu, yule upande wa ua, na mwingine afunguliwe mlango wake njiani. Sheria yenyewe iliona hatari ya mgeni kuingia kati ya washirika, na kwa hiyo ikaweka shufaa, yaani haki ya mshirika kununua kwanza fungu linalouzwa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili walio wengi, haki hiyo ni ya mshirika katika mali, si ya jirani. Lakini shufaa humfaa mwenye fedha tu.

Kimbilio lililobaki lilikuwa wakfu. Neno hili latokana na mzizi wenye maana ya kusimamisha, na maana hiyo yaeleza kazi yake: mali husimama, haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, ni manufaa yake tu yanayotembea. Wenye nyumba wengi wa Unguja waliweka wakfu kwa ajili ya dhuria wao, wengine kwa ajili ya msikiti, visima, mafukara au makaburi. Kwa njia hiyo nyumba iliokolewa na msumeno wa mirathi. Kwa maneno ya leo yaweza kusemwa kwamba wakfu ulikuwa hifadhi ya kwanza ya Mji Mkongwe, ingawa nia yake ilikuwa thawabu na heshima ya ukoo, si uzuri wa majengo.

Wakfu nao ulikuwa na udhaifu wake. Mali isiyouzwa huhitaji msimamizi mwaminifu na pato la kuitengeneza. Waingereza, baada ya kuifanya Zanzibar nchi lindwa mwaka 1890, waliweka Kamisheni ya Wakfu mwanzoni mwa karne ya 20, na usimamizi wa mali nyingi ukatoka mikononi mwa jamaa ukaingia ofisini. Tangu hapo nyumba ya wakfu ilikuwa na pande tatu: waliostahili manufaa, wapangaji waliokaa humo, na wakubwa wa ofisi walioshika daftari. Kodi ilipokuwa ndogo kuliko gharama ya chokaa na boriti, hapakuwa na upande uliokuwa tayari kulipa.

4. Mawe na makuti: mipango ya utawala wa Kiingereza

Ng'ambo ya hori hali ilikuwa tofauti. Huko mwenye nyumba hakuwa sharti awe mwenye kiwanja. Watu wengi, miongoni mwao watumwa waliopata uhuru na watoto wao, walijenga nyumba za miti na udongo juu ya ardhi ya matajiri au ya wakfu. Mwanzoni uhusiano huo ulikuwa wa ulinzi na utii zaidi ya fedha. Kadiri mji ulivyokua, wenye ardhi walianza kudai kodi ya kiwanja, wakaiongeza. Mwaka 1928 wakazi wengi wa Ng'ambo waligoma kuilipa, na serikali ikalazimika kuingilia kati. Mgomo huo waonyesha kwamba ugomvi wa viwanja Unguja haukuanza na wataalamu wa hifadhi. Ulianza na swali la nani anayeruhusiwa kukaa mjini, na kwa masharti ya nani.

Serikali ya kikoloni ilijibu maswali hayo kwa kuchora ramani. Mpango wa H. V. Lanchester ulichapishwa mwaka 1923, na ule wa Henry Kendall mwaka 1958. Katika fikra za utawala, upande wa mawe na upande wa makuti ilikuwa miji miwili yenye watu wa namna mbili, ingawa kwa kweli watu, jamaa na biashara zilivuka daraja kila siku. Hori lilifukiwa hatua kwa hatua, likawa barabara na viwanja vya wazi, lakini mstari wa mgawanyiko ulibaki katika kanuni za ujenzi na katika mawazo. Upande wa Vuga, maofisa wa Kizungu walikaa katika nyumba zenye bustani kubwa. Kwa hiyo, kabla ya mtu yeyote kutaja hifadhi, mji ulikuwa umekwisha kuwa na mitaa iliyoruhusiwa kuwa na nafasi na mitaa iliyoachwa ibanane.

5. Mapinduzi na nyumba za vyumba

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipindua mpangilio huo. Wenye nyumba wengi, Waarabu na Wahindi, walikimbia au walinyang'anywa mali. Nyumba zao zikawa za serikali. Mwaka 1965 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma chini ya serikali. Familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zilipewa vyumba katika majumba ambayo hapo kabla ziliyaona kwa nje tu. Kwa watu hao huo ulikuwa ushindi na haki. Hakuna historia ya kweli ya nyumba za Mji Mkongwe inayoweza kulipita jambo hili na kusimulia miaka hiyo kana kwamba ilikuwa ya uharibifu pekee.

Hata hivyo ushindi huo uliwekwa juu ya jengo ambalo halikukusudiwa kazi hiyo. Jumba la ua lilikuwa makazi ya ukoo mmoja, lenye jiko moja na vyoo vichache. Sasa kila chumba kilikuwa nyumba. Ukumbi uliwekewa ukuta wa mbao au wa matofali ya saruji. Jiko likaletwa kwenye ujia. Bafu likajengwa ghorofani. Kodi ilikuwa ndogo, na mpangaji hakuwa na hati ya kumhakikishia kwamba atakachotengeneza kitabaki kwake. Serikali nayo ilielekeza fedha zake Ng'ambo, kwenye majengo marefu ya Michenzani yaliyofuata mpango uliotengenezwa mwaka 1968 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Mpango mwingine, uliotayarishwa na Wachina, ulifuata mwaka 1982. Mji Mkongwe ulisubiri.

Ili kufahamu kwa nini kusubiri huko kulikuwa na hatari, lazima kuelewa jinsi nyumba hizi zinavyosimama. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Sakafu na dari hubebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, usiozidi sana mita 3. Juu ya boriti huwekwa mawe na chokaa nzito. Ukuta huu hunywa maji na kuyatoa tena polepole kwa hewa. Bafu likivuja ghorofani, maji hufuata ukuta hadi kwenye ncha ya boriti iliyozikwa ndani yake. Boriti huoza mahali pasipoonekana. Fundi akipaka saruji juu ya chokaa, maji hufungiwa ndani na kuoza huzidi. Tena nyumba zimeegemeana: moja ikianguka, ubavu wa jirani hubaki bila nguzo. Kwa hiyo kila bafu na kila ukuta mpya unaoongezwa ili kugawanya nyumba si shauri la mwenyewe peke yake. Ni shauri la mtaa.

6. Hifadhi na kanuni zake

Mwaka 1983 ripoti iliyotengenezwa kwa msaada wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa iliweka wazi hali mbaya ya majengo, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilianza kuuza baadhi ya nyumba zake kwa watu binafsi kwa sharti la kuzitengeneza. Mwaka 1994 ilitungwa sheria ya hifadhi, pamoja na mpango uliotayarishwa kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture chini ya msanifu Francesco Siravo. Majengo, ambayo idadi yake ni takriban 1,700, yalikaguliwa moja moja. Yenye thamani zaidi yakawekwa katika madaraja ya kulindwa, na viwanja vya wazi vikatengwa. Mwaka 2000 eneo la hektari 96 likaingia katika orodha ya dunia. Sheria ya 1994 ilifuatwa na nyingine mwaka 2010.

Tangu hapo mabishano yamekuwa ya namna tatu. Ya kwanza ni ya kugawanya ndani: warithi au wapangaji wanaotaka kuongeza ukuta, ngazi, bafu au mlango wa njiani. Ya pili ni ya kujaza nje: kujenga uani, bustanini au juu ya paa. Ya tatu ni ya kuunganisha, yaani mwenye fedha anayenunua nyumba mbili au tatu za jirani na kuzitoboa ziwe hoteli moja. Hii ya tatu haitajwi mara nyingi pamoja na zile mbili, kwa sababu huleta rangi mpya, paa zima na milango iliyosuguliwa. Lakini kwa historia ya viwanja ni badiliko kubwa kuliko yote. Mgawanyo huongeza watu ndani ya mpaka uliopo. Muungano huufuta mpaka wenyewe na watu pamoja nao.

Hoja ya walinzi wa mji ina nguvu, nayo haitokani na kupenda mawe kuliko watu. Jengo lililogawanywa na wenyewe kumi halina mwenyewe wa paa. Kila mmoja hutengeneza chumba chake, na mvua hupita juu ya wote. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililojengwa mwaka 1883, halikugawanywa na warithi, na bado sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili wakati kazi ya ukarabati ikiendelea. Ikiwa jumba la serikali lenye wafadhili lilifikwa na hayo, nyumba ya wakfu iliyo nyuma ya soko haina budi kuogopewa zaidi.

Hoja ya wakazi nayo ina nguvu. Mrithi asiyeruhusiwa kugawanya nyumba, na asiye na fedha za kuwanunua wenzake, amebakiwa na njia moja: kuuza. Na wanunuzi wenye uwezo wa kufuata masharti ya chokaa, boriti na mbao nzuri ni wachache. Wengi wao wanatafuta nyumba ya wageni. Kwa hiyo kanuni iliyokusudiwa kulinda mji wa Waswahili yaweza, bila mtu yeyote kutaka hivyo, kuwatoa Waswahili mjini. Mkazi huona pia kwamba kanuni si nzito kwa wote. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, ujenzi wa hoteli kando ya jumba la kale la Mambo Msiige, Shangani, kwenye nafasi iliyokuwa wazi mbele ya bahari, ulifika hadi Kamati ya Urithi wa Dunia, iliyoeleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa jengo jipya. Hoteli ilimalizika na kufunguliwa. Mtu aliyekatazwa kuongeza choo cha mama yake hulikumbuka jambo kama hilo, na kukumbuka huko hudhoofisha sheria kuliko mvua.

Yafaa kuongeza kwamba lugha ya sheria yenyewe haikusaidia. Kwa kuwa ardhi yote ni ya serikali tangu 1965, alicho nacho mkazi kisheria ni haki ya kuitumia. Warithi wanaposema "tugawane nyumba" wanazungumza lugha ya mirathi; ofisi ya ardhi huandika kiwanja kimoja na namba moja; ofisi ya hifadhi huona jengo moja la daraja fulani. Sheria ya umiliki wa sehemu za jengo iliyopatikana Zanzibar mwaka 2010 ilifungua njia ya kati: watu kumiliki sehemu zao huku kuta za nje, paa na msingi vikibaki vya wote, pamoja na wajibu wa wote wa kuvitengeneza. Ilitungwa kwa kufikiria hasa majengo mapya, lakini wazo lake halipingani na shirika ambalo mafakihi walilijua zamani.

7. Mifano ya Lamu na ya Kongo

Kwamba kugawanya si lazima kuwe kubomoa, mji wa Lamu ni shahidi. Mji huo uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ukiwa na eneo dogo la hektari 16. Desturi ya waungwana wa Lamu ilikuwa kumpa binti makazi anapoolewa, na mara nyingi makazi hayo yalipatikana kwa kujenga juu ya nyumba ya wazazi au kwa kuvuka njia kwa wikio, yaani chumba kilichojengwa juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Ukoo uligawanyika kwa kupanda juu, na kila aliyepata sehemu alipata sehemu kamili, yenye ngazi na choo chake, iliyojengwa kwa ufundi ule ule. Mgawanyo huo ulipangwa na wazazi wakiwa hai. Ule wa Unguja wa baadaye ulifanywa baada ya msiba au baada ya mapinduzi, na kila mmoja alijipangia.

Kwa upande wa Kongo, maswali haya yanakaribia kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia tu, sawa na Zanzibar. Sheria ya jamaa ya 1987 huwapa watoto robo tatu za mali ya marehemu, na robo iliyobaki huwaendea mwenzi, wazazi na ndugu wa marehemu. Katikati ya Lubumbashi, mji uliochorwa tangu 1910 kwa njia zilizonyooka na viwanja vipana vyenye bustani, parseli za urithi hukatwa vipande, na bustani hujengwa maduka na nyumba za kupangisha. Neno parseli lenyewe, lililotoka katika Kifaransa, lina maana ya kipande. Yaani tangu mwanzo kiwanja cha mkazi wa mjini kilihesabiwa kuwa sehemu ya kitu kikubwa zaidi. Sheria ya kulinda mali za utamaduni iliwekwa mwaka 1971. Lakini jengo moja moja likilindwa, bila kufikiri juu ya viwanja vinavyolizunguka na watu wanaovirithi, hubaki kama jino moja kinywani.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa yaonyesha mambo matatu. Kwanza, mabishano ya Mji Mkongwe si vita kati ya wajuzi na wajinga, wala kati ya wapenda mji na wauza mji. Ni mgongano wa haki mbili za kweli, kila moja ikiwa na sheria yake, hesabu yake na msamiati wake. Pili, katika kila kipindi swali la jinsi ya kugawanya lilificha swali la nani atakaa mjini: mwaka 1928 lilikuwa la wapangaji wa viwanja vya Ng'ambo, mwaka 1964 la familia zilizoingia majumbani, na tangu miaka ya 1990 limekuwa la warithi wanaoshindana na watalii. Tatu, desturi ya Waswahili haikukosa vyombo vya kupatanisha haki hizo. Wakfu uliisimamisha mali na kuyaacha manufaa yatembee. Shufaa ilimpa mshirika nafasi kabla ya mgeni. Wikio lilimpa binti nyumba bila kumvunjia baba yake ukuta.

Vyombo hivyo vilidhoofika kwa kukosa fedha na wasimamizi, si kwa kukosa hekima. Wakfu ulioachwa bila pato la matengenezo ulianguka pamoja na nyumba zake, na kanuni ya hifadhi isiyoambatana na msaada kwa warithi maskini itaishia pale pale. Kazi iliyobaki kwa wanasheria, wasanifu na wanaisimu ni kuvisoma upya vyombo hivyo kwa majina yake ya Kiswahili. Mkazi wa Kiponda anayeambiwa kwamba nyumba yake ni urithi wa dunia ana haki ya kuuliza fungu lake ni lipi, na kujibiwa kwa neno analolifahamu.